Nesi Mstaafu Anajibu: Koo Likianza Kukereketa

Kusi likishaingia, barua za koo huzidi nyingine zote. Pwani upepo unavuma usiku kucha, Lushoto na Njombe watu wanaamka na baridi ya kuuma mifupa, na madarasani watoto wamebanana madirisha yakiwa yamefungwa. Mwezi huu nimeziweka pembeni barua za presha na za miguu kuvimba ili koo lipate nafasi yake. Nimekaa miaka mingi wodi ya watoto kabla ya kustaafu, na dawa za jikoni nazipenda kwa dhati, nazitumia kwangu na kwa wajukuu. Ndiyo maana nataka tuzijue vizuri: zinafanya nini, kwa kipimo gani, na ni nani ambaye hazimtoshi.

Shikamoo Bibi Nesi. Tangu jana jioni koo linakereketa, nikimeza mate nahisi kama kuna mwiba. Homa sina, ila mafua yameanza. Mwenzangu kijiweni kanishauri niwahi rangi mbili dukani nisije nikaangukia kitandani, maana mimi nisipoendesha hatuli. Nyumbani mke wangu ana tangawizi, asali, ndimu na karafuu. Nianze na nini?
*Dereva wa bodaboda, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Anza na vya mkeo. Rangi mbili, hivyo vidonge vya antibiotiki, ziache hapo hapo dukani.

Koo linalokuja pamoja na mafua, mara nyingi sana, limeletwa na virusi, na hivyo vidonge vya rangi mbili haviui virusi. Ukivimeza utapoteza pesa, huenda ukaharisha, na wadudu wengine waliomo mwilini watazoea dawa, ili siku ukiwa na nimonia ya kweli ikukatalie. Koo la namna hii huisha lenyewe ndani ya wiki moja hivi. Kazi ya dawa za nyumbani ni kupunguza maumivu na uvimbe, kulilowanisha koo na kukupa usingizi. Kazi hiyo zinaiweza, na ukianza mapema kama hivi unavyotaka kuanza, siku mbili tatu za mwanzo ambazo ndizo mbaya zaidi utazipita bila taabu kubwa.

La kwanza ni maji ya chumvi. Chukua glasi moja ya maji ya uvuguvugu, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga mpaka iyeyuke. Piga funda, inua kichwa utazame dari, toa sauti ya "aaa" ili maji yachezecheze kule nyuma kabisa ya koo kwa muda wa nusu dakika, kisha tema. Rudia hadi glasi iishe. Wengi husukutua meno tu, maji hayafiki kooni, halafu wanasema chumvi haifanyi kazi. Fanya asubuhi, mchana ukipata upenyo, jioni, na kabla ya kulala. Maji yenye chumvi huvuta majimaji kutoka kwenye nyama iliyovimba, na huondoa makohozi yaliyoganda. Usizidishe chumvi ukidhani ndiyo itaua haraka. Ikizidi inachoma na kukausha. Wala usiyanywe. Kwa wenye presha wanaoniuliza kila mara: ukisukutua na kutema, chumvi inayoingia mwilini ni kidogo mno.

Kule Japani kusukutua koo ni desturi ya kila siku, watoto wanafundishwa wakitoka nje waoshe mikono na wasukutue. Mwaka 2005 watafiti wa huko walitoa matokeo ya watu 387 waliofuatiliwa kwa siku 60, na waliosukutua kwa maji matupu walipata mafua kwa uchache kuliko wale ambao hawakubadili kawaida yao. Maji matupu, hata chumvi hamna. Wewe unayekula vumbi la barabarani kutwa, hilo ni lako hata siku usizoumwa.

La pili ni asali. Kijiko kimoja cha chai, kiache kiteleze polepole, usikisindikize na maji papo hapo. Wakati wake mzuri ni kabla ya kulala, kwa sababu hupunguza kikohozi kinachokatiza usingizi. Si maneno ya vijiweni haya: mwaka 2020 watafiti wa Oxford walikusanya tafiti nyingi wakaona kwamba asali huwasaidia wenye mafua na kikohozi kuliko dawa walizozoea kupewa. Lakini iwe asali. Mjini inauzwa sukari iliyochemshwa ikapewa rangi, kwa hiyo nunua kwa mtu unayemjua, au tafuta ya Tabora kwa anayeitoa huko mwenyewe. Ya nyuki wadogo ni nyepesi na ina uchachu. Usiitupe ukidhani imeharibika. Mwenye kisukari aihesabu kama sukari, kwa maana ndivyo ilivyo.

Tangawizi: kipande cha urefu wa kidole gumba, kiponde, kichemshe kwenye vikombe viwili vya maji kwa dakika kumi, chuja. Kunywa ikiwa ya moto wa kuvumilika. Wapo wanaokunywa ya kuunguza kabisa wakiamini ndiyo itapasua makohozi. Koo lenye kidonda halihitaji kuunguzwa tena. Ndimu kamulia nusu humo humo kwenye kikombe. Kuifyonza tupu hakufai, asidi yake inachoma pale pale panapouma. Karafuu ina mafuta yanayotia ganzi, ndiyo maana hata kwa daktari wa meno harufu yake ipo. Weka moja mdomoni, itafune taratibu, meza mate yake. Punje moja au mbili zinatosha. Mafuta ya karafuu ya chupa usiyapake kooni, ni makali mno, na mtoto asiyaguse kabisa.

Maumivu yakizidi, meza paracetamol vidonge 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima. Soma boksi la dawa ya mafua kama umeinunua, kwa sababu nyingi zina paracetamol ndani na unaweza kujizidishia bila kujua. Ukiwa barabarani shusha kioo cha helmeti, funga leso puani, beba chupa ya maji. Sigara iache angalau wiki hii.

Wiki ikipita bila nafuu, au ukishindwa kumeza hata mate, ukashindwa kufungua mdomo vizuri, sauti ikawa ya mtu mwenye kitu cha moto mdomoni, au shingo ikavimba upande mmoja, usinywe tena tangawizi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Huenda kuna usaha umejikusanya kando ya tonsesi, na usaha huo unahitaji kutolewa na daktari.

Shikamoo Bibi. Mwanangu wa kiume ana miaka 7. Leo ni siku ya tatu analalamika koo, mwili unachemka, hataki kula. Hakohoi wala hana mafua. Nimemmulika na tochi ya simu nimeona mafindofindo mekundu yenye madoa meupe. Mama mkwe anasema ni kimeo, na kuna mzee anakata. Mimi nimekuwa nikimpa maji ya chumvi na asali. Niendelee?
*Mama wa watoto watatu, Handeni*

Marahaba. Mpeleke zahanati au kituo cha afya leo, usisubiri kesho. Na kimeo kisikatwe.

Barua yako umeiandika vizuri kuliko maelezo mengi niliyowahi kusikia mapokezi, kwa hiyo nitatumia maneno yako kuwafundisha na wengine. Homa kali. Hakuna kikohozi, hakuna mafua. Madoa meupe kwenye mafindofindo. Na kitu kimoja hukukitaja, mguse sasa hivi: chini ya taya, mbele ya shingo, kuna tezi zimevimba zinazouma ukizibonyeza? Dalili hizi zikikutana kwa mtoto wa miaka 5 hadi 15, hatuzungumzii tena virusi vya mafua. Tunashuku bakteria wanaoitwa streptokoki. Katika watoto wanaougua koo, pengine mmoja kati ya wanne au watano ni huyu bakteria; waliobaki ni virusi. Huyo mmoja ndiye ninayemwandikia.

Koo lenyewe linaweza kupona hata bila dawa. Hapo ndipo mtego ulipo. Mtoto anacheza, mama anashukuru asali, na wiki mbili hadi nne baadaye viungo vinaanza kuvimba: leo goti, keshokutwa kifundo cha mguu, homa inarudi. Kinga ya mwili iliyoamshwa kupigana na bakteria imegeuka inashambulia viungo na moyo wa mtoto mwenyewe. Viungo hupona. Valvu za moyo, yaani vilango vinavyopitisha damu, zinaweza kubaki na makovu, zikashindwa kufunga na kufunguka sawasawa, na kila koo jingine la aina hii linaongeza kovu.

Nimewahudumia watoto hao. Hawawezi kulala chali, wanalala wameegemea mito kwa sababu wakilala sawa pumzi inakata. Mama anaulizwa kama mtoto aliwahi kuugua koo, anafikiri sana, hakumbuki, maana koo si ugonjwa wa kukumbukwa. Kisha ni sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka, na wengine upasuaji wa valvu. Siku hizi upasuaji huo unafanyika hapa hapa nchini, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mtoto wako anaweza kukingwa na safari yote hiyo kwa dawa ya bei ndogo ya zahanati. Mwaka 2018 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio kuhusu ugonjwa huu wa moyo, kwa sababu unawaumiza watoto wa nchi kama zetu wakati kinga yake inajulikana tangu zamani.

Daktari akiona ni bakteria atampa sindano moja ya penisilini ya muda mrefu, au dawa ya kumeza kama amoksilini ya siku 10. Zikiwa siku 10, ziwe 10. Siku ya tatu mtoto atakuwa anakimbizana na kuku uani na utashawishika kuiweka dawa iliyobaki kabatini imfae mdogo wake. Mmalizie. Na usijilaumu kwa hizo siku tatu zilizopita: dawa ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lilipoanza kuuma, bado inamkinga na ugonjwa wa moyo. Kama dawa ya aina hiyo iliwahi kumtoa upele au kumvimbisha uso, sema kabla hajadungwa.

Maji ya chumvi na asali endelea navyo sambamba na dawa ya hospitali, vinamtuliza. Uji mwepesi uliopoa, maziwa, ndizi laini. Paracetamol kwa uzito wake, akuandikie mhudumu. Aspirini mtoto hapewi.

Sasa kimeo. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa kila mtu aliumbwa nacho, kinasaidia chakula na maji visipande puani, na kinasaidia sauti. Koo likivimba nacho huvimba, kikaonekana kirefu, mtu akakibebesha lawama. Uvimbe ukishuka kinarudi kama kilivyokuwa. Kukikata hakuondoi bakteria hata mmoja. Kinachoongezeka ni kidonda: watoto wametoka damu isiyozuilika, wamepata pepopunda, wamepata usaha shingoni, na wembe uliopita vinywa vya wengi unaweza kupitisha virusi vya UKIMWI. Mama mkwe wako hana nia mbaya, anampenda mjukuu wake na amefanya alivyofanyiwa. Usibishane naye. Mwombe akusindikize zahanati, akae hapo, amsikie mhudumu akieleza. Nimeona bibi wengi wakitoka hapo wakiwa ndio walinzi wa vidonge, hakuna anayethubutu kuruka dozi mbele yao.

Akishapona, kwa wiki nne zijazo mwangalie: viungo kuvimba, kuchoka kupita kiasi, kuhema akipanda kilima, kucheza mikono bila kutaka, au mkojo kuwa wa rangi nyeusi nyeusi na uso kuvimba asubuhi. Lolote kati ya hayo, mrudishe, na useme wazi kwamba aliugua koo.

Mtoto wangu ana miezi 8, anakohoa na sauti imekauka. Bibi yake anataka kumlambisha asali kidogo kwa kidole. Inafaa?
*Mombasa*

Haifai, hata kwa kidole, hata iliyochemshwa. Asali inaweza kuwa na vijidudu vilivyojifunga ndani ya ganda, na moto wa jikoni hauviui. Tumbo la mtu mzima linavishinda. Tumbo la mtoto asiyefikisha mwaka mmoja halijaweza, humo vinatoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, hiyo ndiyo dawa ya umri wake. Akikataa kunyonya, akitokwa na udenda asiweze kumeza, mbavu zikizama ndani akivuta pumzi, au ukasikia mlio akivuta pumzi, kimbia hospitali. Na fungua kadi ya kliniki uone kama chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zote alichoma, kwa kuwa ndimo ilimo kinga ya dondakoo, ugonjwa unaofunika koo kwa utando wa kijivu na kumziba mtoto pumzi.

Asalam aleikum Bibi. Nalipa deni la Ramadhani na koo limeanza kuuma. Naweza kusukutua maji ya chumvi mchana?
*Unguja*

Waaleikum salaam. Hukumu ya funga muulize sheikh wako, mimi sina elimu hiyo. Kwa upande wa koo, huna haja ya kujihangaisha na mchana. Sukutua mara baada ya kufuturu, tena kabla ya kulala, tena baada ya daku. Futuru na uji wa moto kiasi kabla ya viazi vya kukaanga na pilipili, na kunywa maji kidogo kidogo usiku mzima badala ya kujaza tumbo mara moja. Ukipata homa, wewe ni mgonjwa, na mgonjwa ana ruhusa yake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kila muhula ukifika katikati koo linauma na sauti inakatika. Nimekunywa tangawizi na ndimu kwa miezi, nafuu inakuja na kuondoka. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi, na mdomo unakuwa mchungu.
*Mwalimu, Lushoto*

Mwalimu, heshima yako. Hiyo tangawizi na ndimu iache kwanza. Koo linalouma zaidi asubuhi, mdomo mchungu, miezi mingi bila homa: nashuku asidi ya tumbo inapanda usiku ukiwa umelala na kuchoma koo. Kiungulia si lazima ukihisi kifuani. Kama ndivyo, ndimu kila siku inaongeza asidi juu ya asidi, na tangawizi kali kwa watu wengine hulichochea tumbo.

Jaribu hivi kwa wiki mbili tatu. Kula cha jioni mapema, muda wa saa tatu nzima upite kabla ya kulala, tena shibe ya wastani. Inua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa matofali, kwa sababu mito mingi inakunja tumbo tu. Punguza chai ya rangi kali usiku. Kama unapikia kuni ndani, fungua mlango na dirisha moshi utoke. Nao ni adui wa koo.

Sauti nayo ina haki yake. Darasa la watoto themanini haliwezi kuzidiwa kwa kupiga kelele, kwa hiyo tumia makofi, kengele ndogo, au kiongozi wa darasa. Futa ubao kwa kitambaa kibichi ili vumbi la chaki lisiruke. Weka chupa ya maji mezani. Siku sauti ikikatika nyamaza kabisa, usinong'one, maana kunong'ona kwa nguvu kunachosha nyuzi za sauti vilevile. Na mweleze mwalimu mkuu kwamba ni maumivu ya kazi.

Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3 mfululizo, ukihisi uvimbe shingoni, ukipungua uzito au ukatema damu, omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo akuangalie kwa kifaa chake. Ukiona utando mweupe mdomoni usioisha, pima na UKIMWI; ni kipimo cha dakika chache na dawa zipo.

Jirani anasema nimpake mwanangu wa miaka 4 mafuta ya taa kooni, kisha nimfunike blanketi juu ya sufuria ya mkaratusi na kivumbasi. Je, ni salama?
*Kigoma*

Yote mawili usifanye. Kujifukiza kunampa mtu mzima faraja ya pua iliyoziba, basi, akiwa makini na sufuria. Mtoto chini ya blanketi hutikisika, sufuria inapinduka, na vidonda vya maji ya moto tumevitibu kwa miezi. Umri wake anaweza kulamba nusu kijiko cha chai cha asali usiku, na kunywa vitu vya uvuguvugu. Kusukutua bado hajaweza, atameza. Mkague na shingo yake pia, kama nilivyomweleza mama wa Handeni.

Mafuta ya taa yakigusa koo, mtoto akikohoa kidogo tu yanaingia mapafuni na kuyaunguza. Kama ameshapakwa au kumezeshwa, usimtapishe, kwa sababu akitapika yanapita njia hiyo hiyo ya mapafu. Usimpe maziwa kwa kulazimisha. Mvue nguo zilizolowa mafuta, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, umpeleke hospitali hata kama anaonekana mzima, na chupa ya mafuta uende nayo.